Soja wa Maji wa Osewe

Jumanne saa nne asubuhi, Osewe alikuwa anagonga bati ya jiko kando ya reli, Laini Saba, wakati soja wake wa maji alitoka puani. Urefu wake ni njiti ya kiberiti. Alikuwa na koti zito la usiku, rungu, na kofia ya kufunika masikio. Alikaa kwa jiko, akajipangusa jasho.

"Niaje Osewe. Nimechoka."

"Wewe ni nani?"

"Soja. Nakaa chini ya ubongo yako, naonja damu. Maji ikipungua natuma neno kwa figo: shikeni, msiachilie ovyo. Ukinywa ukatosheka, nanyamaza, unakojoa. Sasa leo ni siku ya sita nafunga tu. Figo zimeanza kunitukania mama."

Osewe hakubisha. Tangu mfereji ukauke alikuwa anakojoa mara moja kwa siku, rangi ya chai ya strungi.

"Nani amefunga huko nje?" soja akauliza.

"Shiundu."

Shiundu ndiye alikuwa na koki kubwa ya paipu. Alikuwa anangoja watu wakauke vizuri, kisha anauza kwa mtungi. Wiki hiyo alikuwa ameenda matanga Kakamega, ufunguo kwa mfuko.

"Wacha nikaone," soja akasema, akapita kwa tundu la kufuli.

Kuanzia mchana huo, koki ilifanya kazi kama figo yenye adabu. Plot ya nyumba za kupanga iliyokauka ilipata, iliyojaa ikafungiwa, na hakuna tone lilimwagika. Mama Mitchelle wa githeri aliosha sufuria mara mbili kwa siku moja. Alisema ni tabia mbaya lakini ataizoea.

Shida ilikuwa Osewe. Bila soja, maji ilipita ndani yake kama mgeni ameacha teksi ikinguruma nje. Anakunywa jagi, anakojoa jagi, mkojo safi hadi ungesoma gazeti kupitia ndani yake. Midomo ikapasuka. Kufikia Alhamisi hakuwa amemaliza hata jiko moja, maana kila msumari ulikuwa na safari yake ya choo.

Kavetsa wa duka la dawa, Makina, akamwangalia ulimi. "Hiyo ni homoni ya kushika maji. Yako imeenda wapi?"

"Iko kwa koki."

"Irudishe. La sivyo utakufa na kiu, kikombe mkononi."

Watu wa plot zote wakakaa kikao. Waliamua soja abaki kwa koki, na kila nyumba itoe jagi ya kumjaza Osewe, kwa zamu.

"Vumilia, Osewe," Mama Mitchelle akamwambia. "Wewe ni kibofu moja. Sisi ni plot kumi na moja."

Jumapili Shiundu akarudi, udongo wa kaburi bado kwa viatu. Alimkuta soja kwa koki na hakushtuka. Miaka yote alikuwa anatafuta mfanyakazi halali. Akampa kifuniko cha soda akalie, na kingine kimejaa soda yenyewe.

"Huko kwa kichwa, mtu akiwa na kiu ulikuwa unafanya nini?"

"Nafunga."

"Sasa hapa unafungua kwa nini?"

Soja akafikiria. Kule alikuwa anafunga maji ya kutoka. Hapa ilikuwa ya kuingia. Lakini kule hakuna mtu aliwahi kumpa kiti.

"Kweli," akasema, akafunga.

Jumatatu Osewe alikuwa kwa laini ya kununua maji na mtungi wake, magoti yamebanana. Soja alikuwa amevaa kizibao cha refleketa kilichokatwa kutoka kwa kile cha Shiundu.

"Rudi, buda," Osewe akamwambia, akimwonyesha pua. "Mlango ni ule ule."

"Niko job."

"Figo zinakusalimia."

Soja akaangalia chini kidogo. Kisha akazungusha koki nusu, vile alifunzwa, mtungi ukajaa polepole.

"Mwingine!" akaita.

Osewe akanywa nusu ya mtungi hapo hapo amesimama, akatembea haraka kuelekea nyuma ya reli. Mama Mitchelle akaweka jiwe kwa laini kumshikia nafasi, maana alijua kufikia saa sita atakuwa amerudi.