Kompyuta Iliyohukumiwa Kufa Januari

Hamimu alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: INFORMATIQUE MODERNE. Huo usasa wenyewe ulikuwa kompyuta moja ya Windows 98 na printa iliyolia kama mbuzi kila ilipovuta karatasi. Aliyeijua mashine kwa ndani alikuwa mkewe, Houda. Hamimu aliijua sana kwa nje; kila asubuhi aliifuta vumbi.

Desemba ya mwaka 2003 aliingia dukani Bwana Gélase, mtumishi wa wizara, aliyekuwa ametoka semina ya kompyuta Nairobi na tangu arudi hakuna mtu aliyeruhusiwa kuisahau. Alipewa kiti, akakikataa. Habari kubwa hazisemwi kwa kukaa.

"Windows 98 inakufa," alisema. "Mwezi wa kwanza katikati, kampuni inaacha kuihudumia. C'est fini."

Hamimu aliigusa kompyuta begani, kama mtu anayempa pole mgonjwa. "Itazimika?"

"Apana, itawaka. Lakini hawataziba tena matundu yake. Virusi vya internet vitaingia, na mukipata shida hamuna mutu wa kumuuliza."

Houda aliacha kuchapa. "Monsieur Gélase, mi niko hapa miaka tano. Nani nilishamuuliza?"

"Madame, huduma ilikuwepo. We ndiye hukuitumia."

Houda akaona haya kidogo. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akihudumiwa, wala hakushukuru! Na mabomu yalipoanguka mjini mwezi wa saba, hakuna aliyeleta tangazo la heshima namna hiyo, lenye tarehe kamili, kwamba kuanzia siku fulani watu wa Bujumbura hawatahudumiwa tena. Kampuni ilikuwa na adabu kuliko vita.

"Sasa tufanye nini?" Hamimu aliuliza.

Gélase alisema wanunue kompyuta mpya, na Hamimu akacheka kwa uchungu. Basi waweke Windows mpya ndani ya hii hii. Yeye alikuwa na CD yake, nakala iliyoandikwa jina kwa kalamu. Au wakae hivyo hivyo, kama watu wa zamani.

"Mi naona tuikate kwa internet," Houda alisema. "Tuchomoe waya ya simu, basi. Mutu wa email aende cyber. Sisi tunachapa makaratasi tu, virusi vitapita wapi?"

Hamimu alimtazama kwa huruma. "Mke wangu, sisi ni Informatique Moderne."

Shauri likaisha hapo.

Gélase alirudi na CD yake mwanzoni mwa Januari, siku ambayo Houda alikuwa akichapa kadi za harusi ya Orlane, binti wa Mama Spéciose wa Gasenyi, pembezoni mwa mji. Harusi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza risasi zililia hadi mlangoni na familia ikakimbilia kwa ndugu. Mara ya pili risasi zililia tena, maana vita haina ubunifu. Safari hii wazee walikuwa wamepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Ngoja nimalize kuchapa," Houda aliomba.

"Nusu saa tu, madame," Gélase alisema, huku kidole kimeshabonyeza.

"Na kazi zangu za ndani?"

"Tumeanza upya, diski safi kabisa. Takataka za zamani zimetoka."

Takataka hizo zilikuwa kadi zote alizowahi kuchapa, na pamoja nazo matangazo ya vifo. Nusu ya mtaa ilikuja kwake kuandikiwa marehemu wao, naye alikuwa amewahifadhi wote, hata wale ambao miili yao haikupatikana. Houda aliweka mikono mapajani. Hamimu alidhani amefurahi.

Windows mpya ikaja na picha ya kilima cha kijani, chenye amani kuliko vilima vyote vinavyouzunguka mji. Uzuri ukaishia kwenye kilima. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na kufungua barua moja kulichukua muda wa kuchemsha maharage. Printa nayo haikutambuliwa kabisa.

"Tatizo ni printa yenu," alisema Gélase. Kisha akakumbuka ana mkutano.

Kesho yake Mama Spéciose alifuata kadi zake. Houda alimweleza ukweli wote.

"Dada yangu," Spéciose alisema, akijikalisha polepole, "nilikuwa naogopa waasi, naogopa na jeshi. Windows sikujua nayo iko vitani."

Houda akainuka. "CD ya Windows ya zamani iko wapi?" alimuuliza mumewe.

Hamimu akatazama dari. Alikuwa amempa mdogo wake Massoudi, dereva wa teksi, ambaye aliitundika kwenye kioo cha gari kwa sababu inameremeta. Houda alikwenda hadi kituo cha teksi sokoni, akafungua mlango, akaikata kamba.

"Shemeji! Hiyo ni mapambo yangu!"

"Tundika ndizi."

Aliiosha CD kwa sabuni, akaifuta kwa kitenge. Kompyuta iliisoma kwa kukohoa, ikasita, ikaendelea, na jioni Windows 98 ilikuwa imerudi. Houda akachomoa waya wa simu, akauviringisha, akamwekea Hamimu mkononi. Hamimu alifungua kinywa kusema neno juu ya usasa. Aliuona uso wa mkewe, akaenda kuuweka waya chini ya meza. Spéciose alitaja maneno ya kadi kwa kichwa, printa ikalia kama mbuzi, kadi zikatoka.

Kabla ya siku ya kifo cha Windows 98 kufika, Gélase alikuja tena, safari hii akakaa.

"Kampuni imebadilisha. Itaihudumia hadi mwaka 2006."

"Nilijua," alisema Hamimu.

"Na marehemu wangu walifutwa kwa nini?" Houda aliuliza.

Gélase alisema maendeleo yana gharama zake.

Houda alianza kupita nyumba kwa nyumba, akiomba matangazo ambayo watu waliyahifadhi ndani ya Kurani na Biblia zao. Aliyachapa tena moja moja wateja walipokosekana. Zubeda wa nyumba ya pili alileta la mumewe, akakaa kando yake mpaka herufi ya mwisho.

Jumamosi ya Orlane mji ulitulia. Kitu kilinguruma mara moja upande wa vilima, na wageni wote wakakubaliana kwamba ni mvua. Gélase alikuwa ameketi karibu na Houda, akimweleza kuhusu mfumo mwingine wa kompyuta, wa bure, ambao angeweza kuja kuuweka wiki ijayo. Houda alimjazia sahani ya ndizi na sambusa, ili kinywa kipate kazi.