Kicheko cha Jumamosi

Jumamosi hiyo watu waliofika studioni walikuwa wengi kuliko mabenchi. Wanawake walipakata watoto, wanaume walisimama nyuma na kofia mikononi, na chini, katika duka la vitambaa, mwenye duka alikuwa amesimamisha cherehani yake ili isisikike hewani. Chola alivaa kofia ya Fundi, mhusika wake, ingawa redioni hakuna anayeona kofia, akasema mzaha wa kwanza, ule wa mbuzi aliyekula gazeti. Watu wakacheka. Midomo ilifunguka, mabega yakatikisika, mama mmoja mnene akajipiga paja na kufuta machozi kwa pindo la kitenge. Lakini sauti haikutoka.

Gérard, msimamizi wa kipindi, aligonga kipaza sauti kwa ukucha. Kilikuwa kizima. Akamwashiria Chola aendelee, na kipindi kikaenda hadi mwisho kama ibada ya Ijumaa Kuu. Watu walitoka wakiambiana kwamba siku hiyo wamecheka vizuri.

Kipindi kiliitwa Ukuta Mmoja na kilikuwa kimetimiza miaka sita. Hadithi yake ilikuwa nyepesi. Fundi na Karani wanaishi katika nyumba pacha za cité, mtaa wa Waafrika, ukuta wao mmoja. Fundi ni mwenyeji, na anaamini hata mvua ni mali ya ukoo wake. Karani ametoka mkoa wa Kasai na suti moja na kamusi ya Kifaransa, na anaamini mvua ingenyesha vizuri zaidi kama ingeandikiwa barua. Wanatukanana kupitia ukuta kwa nusu saa. Mwishoni Fundi hugonga ubao ulio badala ya ukuta mara mbili, Karani hujibu mara mbili, na Lubumbashi nzima, ambayo kwenye makaratasi bado iliitwa Élisabethville, huketi kula bukari, ugali wa huko, ikiwa na moyo mweupe.

Fundi alikuwa Chola. Karani alikuwa Rigobert, jirani yake wa kweli katika nyumba ya mlango wa buluu, naye alitoka Kasai kweli. Walikuwa watani. Kwa kina Chola utani hurithiwa kwa ukoo, na Rigobert hakuwa na ukoo katika nchi hiyo. Lakini mama yake Chola alipofariki, Rigobert alifika matangani amejifunga kitambaa cha marehemu kichwani, akamwuliza maiti ni nani aliyemruhusu kuondoka kabla ya kumaliza kumsengenya yeye Rigobert, na waliokuwa wakilia wakacheka hadi wakashikana mikono. Kisha akaingia kaburini kumpokea mama. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: anakutukana ukiwa hai, na siku ya msiba ndiye anayekushusha na kuwachekesha wenzako. Wazee wa ukoo walisema basi, huyu ni wetu.

Sheria ya utani ni moja. Tusi hurudishwa kabla watu hawajaagana. Lisiporudishwa, hilo si utani tena, ni tusi tu.

Mwaka wa pili wa bendera mpya, jimbo lao la Katanga lilipokuwa limejitenga na nchi, kicheko kilianza kupungua. Watu walikuwa na mambo mengine masikioni. Chola alikuwa mtu wa kicheko kama wengine walivyo watu wa pombe, akikikosa, hakulala. Kila wiki Fundi alikuwa akimwambia Karani, "Siku moja nitakurudisha kwenu na suti yako, nyumba nifugie kuku," na Karani akijibu kwamba kuku wenyewe watamfuata Kasai, maana ndiye pekee anayejua majina yao. Jumamosi moja vijana wa chama kilichotaka Wakasai waondoke walisimama chini ya vipaza sauti vya sokoni, minyororo ya baiskeli imezungushwa mikononi. Chola aliwaona alipokuwa akipita kwenda kazini. Alipofika kwenye mstari wa kuku, akaongeza maneno ambayo hayakuwamo: "Nyumba yenyewe munaijua, ile ya mulango ya bleu. Mukamusaidie kubeba mizigo."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya miaka sita. Rigobert alifungua mdomo, akaufunga. Muda wa kipindi ukaisha. Akachukua kofia yake, akashuka ngazi.

Kesho yake mlango wa buluu haukuwapo tena, na Rigobert, mkewe Madeleine na binti yao Martine walikuwa katika kambi ya mahema nje ya mji, pamoja na Wakasai wengine wasiohesabika, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Jumamosi iliyofuata ndipo sauti ya kicheko ilipokosekana.

Hapo ndipo kipindi kilipoanza kuzeeka. Gérard alimleta Mumba aigize Karani. Mumba aliyajua matamshi, mtu mwenyewe hakumjua. Ikasemwa Karani amesafiri. Akaletwa mama mkwe. Mama mkwe alipochosha, akaletwa kasuku. Fundi akanunua gari, Fundi akapata mapacha, Fundi akaota ndoto kipindi kizima na mwisho akaamka. Naye Fundi alibadilika. Zamani alikuwa mjinga mara moja moja. Sasa alikuwa mjinga tangu hodi hadi kwaheri, na kwa kelele. Studioni watu waliendelea kutikisika mabega bila sauti. Kule cité, penye vipaza sauti, mizaha ilianguka mmoja mmoja kama mawe kisimani, na akina mama wakawaita watoto waingie ndani.

Nyumba ya Rigobert, Chola aliichukua ili aitunze. Kutunza nyumba ya mtu ni kazi yenye hatua zake. Kwanza alipigilia mbao penye mlango, kuzuia wezi. Kisha akaweka humo magunia ya makaa, maana nyumba tupu huingiwa na nyoka. Kisha binti yake akaolewa, na mkwe hakuwa na pa kulala. Mwishowe, kwa kuwa kuzunguka nje wakati wa mvua ni taabu, alitoboa mlango katika ule ukuta mmoja. Kila alipoupita aliinamisha kichwa, ingawa ulikuwa mrefu wa kutosha.

Mkewe, Léonie, aliuza matembele kwenye uzio wa kambi. Siku moja, akichambua majani, alimwambia mumewe:

"Kicheko yenu iko kule mu camp. Kila samedi, saa ya émission, inashuka juu ya mahema."

"Inashuka namna gani?"

"Inashuka tu. Bamama banafunika vyungu."

Chola alimwambia Gérard kwamba kila Jumamosi, saa ya kipindi, kicheko kiko kambini, na Gérard akashusha pumzi, kwa sababu alikuwa ameogopa kwamba mitambo imeharibika. Alimpa Chola ruhusa ya Jumamosi moja aende kukirudisha. Kipindi kingebaki na Mumba na kasuku.

Chola alibeba kikapu cha unga na samaki wakavu. Askari wa Kiswidi langoni alikitazama kikapu, akampisha. Rigobert alikuwa amekaa mbele ya hema, katika suti ileile ya Karani, akiwa amekunja suruali kwa ajili ya tope. Alisimama. Katika miaka sita alikuwa amemwita Chola fisi wa mgodini, chungu kisicho na mfuniko, mjomba wa nyani. Sasa alimpa mikono yote miwili.

"Bonjour, monsieur Chola."

Chola alitua kikapu topeni. Afadhali angepigwa.

"Rigo, unitukane."

"Juu ya nini, monsieur?"

"Ile samedi haukurudisha. Rudisha sasa, tumalize."

"Miye sina maneno na weye."

Madeleine alileta kigoda, akakifuta, akarudi ndani ya hema. Chola aliketi. Akaangaza huku na huku.

"Martine iko wapi?"

"Alishakufa. Surua."

Hapo karibu mtu alikuwa akikwangua sufuria. Chola alingoja akome, hakukoma.

"Nani alifanya kazi ya mutani?"

"Hakuna. Mutani wangu alikuwa ku radio." Rigobert alisema hivyo bila ukali, kama anayeeleza njia. "Basoldat ndio balichimba. Ilikuwa samedi. Tulikuwa tunamushusha, na kicheko naye kikashuka. Ilikuwa ya murefu sana, monsieur. Mulifanya nini siku ile?"

Chola alikumbuka. Mwanzoni mwa majira ya mvua kulikuwa na Jumamosi moja tu ambayo watu walitikisika hadi benchi likavunjika, naye, kwa kuona wamependa, aliurudia mzaha ule mara ya pili.

"Kasuku," alisema.

"Ah. Kasuku."

Saa ya kipindi ilipofika kicheko kilishuka. Kilitoka juu, bila upepo, kikatua juu ya mahema, juu ya kamba za nguo, juu ya foleni ya maji. Wanawake walifunika vyungu. Chola alikitambua kicheko cha yule mama mnene. Rigobert alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama fundi saa.

"Leo inacheka kidogo," alisema. "Inaonekana hauko."

Kilipokwisha, wanawake wakafunua vyungu. Rigobert alimsindikiza hadi langoni, maana alilelewa vizuri.

"Na mulango, mulitobola upande gani?"

Chola hakuuliza alijuaje. "Ya jiko."

"Njo muzuri. Pale ukuta iko laini." Akampa tena mikono miwili. "Musalimie madame."

Chola alirudi mjini kwa miguu. Alijua kwamba alimwuza rafiki yake kwa kicheko kimoja, na kwamba rafiki yake hatamsaidia kulisahau jambo hilo. Alilia kidogo karibu na reli, akafuta uso, akaenda studioni kutoa taarifa.

"Anakataa kunitukana," alimwambia Gérard.

Gérard aliutazama waya wa kipaza sauti. Kisha akauliza kutoka studioni hadi uzio wa kambi ni mbali kiasi gani.

Waya ulivutwa wiki hiyohiyo, kutoka nguzo hadi nguzo, na kipaza sauti cha kunasa kicheko kikafungwa kwenye uzio na kufunikwa kopo dhidi ya mvua. Askari walikubali, kwa sababu waya ule haukuleta kitu kambini wala kuondoa chochote kilichomo katika orodha. Jumamosi mizaha ilitoka studioni, kicheko kikaingia kutoka uzioni, na vyote viwili vikakutana hewani. Mji ulisema Ukuta Mmoja umerudi. Pamoja na kicheko zilikuja sufuria, nyimbo za kanisani kwa Kiluba cha Kasai, na kikohozi cha mtoto. Wiki za mwanzo akina mama wa cité walisema mtoto yule apikiwe majani. Baadaye walikizoea kikohozi, na ikitokea wiki moja hakikusikika, wao ndio waliogundua.

Mwaka uliofuata wakimbizi walirudishwa Kasai, wengine kwa treni, wengine kwa ndege kutoka uwanja wa Luano. Rigobert aliondoka na Madeleine bila kuaga. Mahema yalikunjwa. Uwanjani vilibaki vigingi, makopo na matuta ya udongo, mengine mafupi kama kitanda cha mtoto. Kicheko hakikuwafuata. Kiliendelea kushuka palepale, Jumamosi hadi Jumamosi, na kwa kuwa hapakuwa tena na wa kukohoa wala kupika, Gérard alisema sauti haijawahi kuwa safi hivyo.

Kipindi kiliendelea. Mwishoni Fundi aligonga ubao mara mbili, kama ilivyokuwa desturi, na kwa desturi hiyohiyo iliachwa nafasi ndogo ya Karani kujibu. Chola aliinamia ubao kila mara, sikio karibu kabisa, akiomba atukanwe. Nafasi ilijaa kicheko kutoka uwanjani, pale alipolala Martine, kirefu na safi, na taa nyekundu ikazimwa.

Alipofika nyumbani, Léonie alikuwa akisonga bukari. Alimwuliza kama leo watu walicheka.

"Sana," Chola alisema, akainamisha kichwa, akapita mlango wa ukutani kwenda kuchukua makaa.