Koili ya Zahanati

Fundi alikuwa na kazi moja aliyoifanya vizuri kuliko mtu yeyote mtaani: kusuka mota zilizoungua. Ya pampu, ya feni, ya mashine ya kusaga, zote zililetwa kwake zikinuka moshi. Aliifungua mota, akatoa waya uliogeuka mweusi, akahesabu mizunguko yake, kisha akazungusha waya mpya wa shaba kwa idadi ileile, koili baada ya koili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walisema ukimsalimia asubuhi, jibu utalipata mchana.

Mkewe alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Walikuwa na binti wa miaka saba, ambaye kila mtu alimwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni pake. Miaka mitatu nyuma mimba ya pili iliharibika ikiwa na miezi sita, na mkewe alilazwa siku kumi na moja kwa kupoteza damu. Tangu hapo, kimya. Asiyenyamaza ni mama yake Fundi, aliyekaa mitaa miwili kutoka pale. Kila Jumapili alikuja na swali lilelile la mjukuu wa pili, na mara nyingi alikuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Mkwewe aliinywa mbele yake, akasema, "Asante, mama."

Siku moja Fundi aliokota kadi ndogo ya kijani chini ya meza ya sebuleni. Ilikuwa na muhuri wa zahanati, namba, na mwandiko wa haraka: "Koili. Uchunguzi tarehe 14." Jina halikuwepo. Fundi hakushangaa. Mwezi uliopita alikuwa amesuka mota ya pampu ya maji ya zahanati ileile, na mwenyewe aliwaomba wamkumbushe aje kuikagua. Na kwenye meza hiyo ndiko alikomwaga vitu vya mifukoni kila jioni. Alidhani imemdondoka.

Tarehe 14 asubuhi alibeba mkoba wake wa vifaa akaenda. Kwenye dirisha la mapokezi alikuwepo muuguzi mtu mzima mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kuangalia koili."

Muuguzi alimtazama, akautazama na mkoba. "Koili ya nani, baba?"

"Yenu. Ile niliyoiweka mwezi uliopita."

Akina mama wanne waliokuwa kwenye benchi waliacha kuzungumza.

"Uliiweka wewe?"

"Nani mwingine? Nilishinda nayo siku mbili. Ya zamani ilikuwa imeungua, nyeusi tititi."

Mmoja wa wale wanawake alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Fundi akatoa kadi, akaipitisha dirishani. Muuguzi aliisoma, na kile kicheko kilichokuwa kinamjia kikakatika.

"Hii si ya pampu, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Basi irudishe ulikoitoa. Mimi siwezi kusema zaidi ya hapo."

Lakini kwenye benchi palikuwa na mdomo usio na breki. "Koili ya uzazi hiyo, baba! Ya kupanga uzazi. Ukiwekewa, unaweza kukaa nayo hata miaka kumi."

Fundi alishukuru. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, alizunguka nyuma ya jengo akaikagua pampu. Ilikuwa nzima. Akafunga mkoba, akaondoka.

Karakanani alimkuta mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyekuja kuchukua feni yake. Fundi alimkabidhi feni, halafu badala ya kurudi kwenye kazi akabaki amesimama.

"Mwalimu, hili neno koili ni la watu gani?"

Mwalimu aliiweka feni chini. Ilikuwa miaka mingi tangu aulizwe kitu kama hicho. "Sisi tumelitoa kwa Waingereza. Wao wakalitoa kwa Wafaransa wa kale, na hao kwenye Kilatini. Na mwanzoni halikuwa na maana ya kuzungusha. Lilikuwa na maana ya kukusanya."

"Kukusanya?"

"Ndiyo. Sasa baharia anakusanyaje kamba ndefu isijikanganye? Anaizungusha. Polepole neno likahamia kwenye mzunguko wenyewe. Likaenda kwa nyoka aliyejikunja, likaenda kwenye nyaya zako hizi, likaenda hadi kwenye kile kifaa cha akina mama, maana vya mwanzo vingine vilikuwa vimejizungusha hivyohivyo." Mwalimu akainua kidole. "Na kuna neno jingine, linaandikwa vilevile, ila siku hizi limekufa. Maana yake zogo, vurugu. Hilo asili yake haijulikani."

"Kwa hiyo zogo na kukusanya si ndugu?"

"Sura moja, wazazi mbalimbali."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. Mchana huo alipoteza hesabu ya mizunguko mara tatu kwenye mota moja.

Mkewe aliporudi alasiri, nywele zake zikiwa na unga bado, kadi ilikuwa mezani.

"Nimeikuta chini," Fundi alisema.

Mkewe aliichukua. "Nimeitafuta wiki nzima. Hata tarehe siikumbuki."

"Ilikuwa leo. Nilikwenda."

"Ulikwenda wapi?"

Akamweleza yote, mkoba, muuguzi, benchi. Mkewe aliuma midomo, akashindwa, akacheka mpaka akakaa. Fundi hakucheka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka miwili na nusu."

"Miaka miwili na nusu mama analeta chupa."

"Na mimi nakunywa. Unajua ilivyo chungu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwambia mama. Wala si kwa ubaya. Angekuuliza tu, ukajibu. Wewe uongo huujui, Baba Kidoti, ndiyo taabu yako."

Fundi akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza: "Daktari alikwambia nini siku ulipotoka hospitali?"

"Alisema damu ikitoka vile tena, yeye haahidi kitu. Akasema nikamwambie mume wangu. Nikaja kukwambia. Wewe ulikuwa umekaa hapo, mama yako pale, anasema mtoto mmoja ni sawa na jicho moja. Ukamwitikia, 'Ndiyo, mama.'"

Fundi hakukumbuka. Lakini alijua kwamba "ndiyo, mama" ndilo jibu alilompa mama yake kwa kila kitu, hata akiwa hasikilizi. Alitoka akakaa kizingitini. Siku nne walizungumza ya lazima tu: chumvi, sare ya mtoto, ufunguo. Siku ya tano mkewe alikwenda kwenye uchunguzi wake, na Fundi ndiye aliyepika.

Jumapili mama alifika na chupa. Fundi aliipokea kabla haijafika mezani.

"Mama, dawa basi."

"Basi kwa nini?"

"Hatutafuti mtoto. Mimi ndiye niliyekataa, tangu alipotoka hospitali."

Mkewe aligeuza uso ukutani. Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumsikia akiusema.

"Wewe ulikataa?" mama aliuliza. "Au umefundishwa?"

"Mimi. Nilihesabu siku kumi na moja pale wodini. Sitaki kuhesabu tena."

Mama aliutazama uso wa mwanawe. "Na mimi nachimba mizizi kwa magoti haya," alisema, akachukua kikapu chake na kutoka.

Hakuja Jumapili saba. Ya nane alikuja mikono mitupu, akamwita Kidoti amsomee kitabu cha shule. Kwa mwanawe hakulitaja jambo lile tena, siku hiyo wala baadaye. Ila alimfuata mkwewe jikoni, akaegemea mlango.

"Hata mimi baada ya kumzaa huyu mume wako nilitaka kupumzika," alisema. "Sikuwa na wa kumwambia. Nikazaa wengine wanne, wawili nikazika."

Mkwewe alifuta mikono, akamsogezea kiti.