Miaka Ishirini na Moja ya Mzee Mwenze

Mzee Mwenze alikufa Jumanne, na kufika Ijumaa mwanawe mkubwa, Antoine, alikuwa ameshamgeuza kuwa mtu mwingine. Wala haikumpa kazi kubwa. Ilitosha karatasi moja iliyokunjwa katikati, yenye picha ya marehemu amefungwa tai, na chini ya picha historia ya maisha yake kwa Kifaransa cha kupigwa pasi. Alizaliwa. Alibatizwa. Alisomea ufundi wa umeme. Aliajiriwa na kampuni ya shaba, akapanda hadi kuwa msimamizi wa karakana. Mwaka 2003 alipewa barua ya kuachishwa kazi, yeye na wenzake wengi. Kisha karatasi iliruka kama mtu anayeruka mtaro wa maji machafu, ikatua kwenye mstari wa mwisho: muumini mwema, amefariki 2024 baada ya ugonjwa mfupi.

Benita, mjukuu wake, aliisoma karatasi hiyo mara tatu chini ya turubai la kilio, pale uani kwao, mtaa wa Kampemba, akidhani labda kuna ukurasa mwingine umenatana. Hakukuwa na ukurasa mwingine. Miaka ishirini na moja ilikuwa imemezwa mchana kweupe, na aliyeimeza amekaa pale mbele kwenye kiti cha plastiki akipokea pole za watu. Benita alikasirika mpaka akaifinyanga ile karatasi.

Maana miaka hiyo, mtaa mzima unajua mzee alifanya nini. Alipopewa barua na kampuni hakukaa barazani kuhesabu nzi. Alichukua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaweka televisheni nne zilizokwisha kutupwa na wenyewe, akazifufua. Akatafuta mashini za zamani za michezo, zile ambazo watoto wa matajiri walikuwa wamezichoka, akazifungua, akazisafisha, akachomelea nyaya upya. Mlangoni akaandika kwa rangi ya mafuta: SALLE YA MWENZE, yaani ukumbi wake. Watoto walilipia dakika kumi kumi wakashika manette, zile rimoti za kuchezea, wakapigana vita vya kwenye kioo badala ya kupigana barabarani, na akina mama walijua mahali pa kuwatafuta jua likizama.

Na muziki ulizaliwa humo. Siku moja mtu alileta mashini ndogo ya michezo, ya mkononi, iliyokanyagwa na gari. Fundi mwingine angeitupa. Mzee Mwenze aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema inapumua. Ilikuwa na sauti nne tu: mbili za kuimba, moja ya besi, na moja ya kukwaruza kama mchanga kwenye karai, ambayo ukiikata fupifupi inakuwa ngoma. Akaibadilisha kioo, akaiunganisha na spika ya redio ya zamani, akampa Benita, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, programu ya kupanga noti mraba kwa mraba kwa vidole gumba. Sauti nne zinatosha, alimwambia, wasiotosheka ni wavivu.

Basi Benita akapanga. Miaka ilivyokwenda akaanza kuyatia maneno: mashairi ya kasi juu ya mchezaji mwenye maisha matatu na jitu la mwisho, juu ya waya ulioungua na umeme uliokatika ukiwa umebakiza hatua moja kushinda. Binamu yake Chisanga aliitikia, na mzee mwenyewe, na koti lake la buluu la kazi, alisimama nyuma akizungusha kitufe cha besi kwa uso mkavu kama hakimu. Watu waliuita muziki wa bip. Jumamosi mchana mlango haukupitika. Vijana wa Kolwezi na wa Lusaka, wanaopenda mambo hayohayo, walituma nyimbo zao kwa simu na kupokea za Benita. Wengine walicheka, wakasema hiyo ni kelele ya saa ya mezani. Mzee aliwajibu kwamba saa ikilia watu huamka, wao wakilia hakuna anayegeuka.

Antoine hakucheka wala hakulia. Aliona haya. Yeye ni mkubwa wa ofisi, mtu wa kiyoyozi na gari la kazi, na kwa miaka mingi amekwepa kuwaeleza wenzake kwamba baba yake, mzee mzima mwenye mvi, anashinda na watoto akibonyeza vitufe. Alhamisi alifunga chumba kwa kufuli mpya. Alimwambia mama yake, Mama Germaine, kwamba wakubwa wake watakuja kwenye maziko na mchungaji pia, na hataki wasikie habari za michezo ya watoto. Mama Germaine alikuwa amelia siku mbili mfululizo. Alisema fanya unavyoona.

Benita alimwendea Antoine kwa heshima zote, kama mtoto anavyomwendea kaka mkubwa wa baba yake aliyekwisha kufa. Alipiga magoti kidogo, akamwomba aongeze mstari mmoja tu kwenye karatasi. Antoine alimjibu kwamba karatasi zimekwisha kuchapwa, na kama anataka kusaidia, akapange viti. Benita akamshukuru, merci, Papa, maana kaka wa baba naye ni baba. Akaenda akapanga viti, kila kiti akikitua chini kwa kishindo.

Sasa hapo ndipo Antoine alipofanya kosa, na ni kosa la mtu aliyekaa ofisini mpaka akasahau kwao. Alidhani anazungumza na mtoto wa mdogo wake. Mtoto wa mdogo wako utamtuma viti na atakwenda. Lakini pale kwenye kilio, Benita alikuwa mjukuu wa marehemu, na mjukuu kwenye kilio hatumwi na mtu. Kwetu mjukuu ana haki ya kumtania maiti wake. Atavaa nguo za marehemu, atachechemea kama yeye, atakohoa kama yeye, ataiba sufuria ya nyama jikoni, atajilaza mbele ya sanduku na kukataa lisipite. Utampa chochote mkononi, watu watacheka, ataondoka. Atakayekasirika ndiye mwenye makosa.

Jumamosi asubuhi sanduku lilifika kutoka mochwari. Kwaya iliimba, mchungaji aliomba, wakubwa wa Antoine walikaa mstari wa mbele na miwani yao ya jua. Antoine alisimama, akachukua kipaza sauti, akasoma. Sauti yake nzuri, hilo tumpe. Alipofika mwaka 2003 akavuta pumzi ya kuruka, na kutoka nyuma ya nyumba ikasikika bip.

Moja tu. Kisha ya pili. Kisha besi ikaingia, ikatembea chini ya viti, na Benita akatokea. Amevaa koti la buluu linalomfika magotini, na miwani ya mzee iliyofungwa kwa waya wa shaba. Anaburuza mguu wa kushoto vilevile mzee alivyouburuza. Mashini inaning'inia shingoni, waya unakwenda kwenye spika ambayo Chisanga ameibeba kichwani, na betri ya gari Chisanga huyohuyo amejifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Wanawake waliangua kicheko na machozi yakiwatoka. Mmoja alipiga kelele kwamba Mwenze amerudi kuchukua manette zake.

Benita akaenda moja kwa moja, akaketi chini mbele ya sanduku, miguu ameinyoosha.

Antoine alitabasamu, kwa sababu hata yeye anajua lazima utabasamu. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akampa. Benita aliikunja vizuri, akainuka pale alipoketi, akairudisha kwenye mfuko wa shati la Antoine, akarudi kukaa. Watu wakadhani ni sehemu ya mzaha. Antoine akatoa nyingine, kubwa zaidi. Hiyo nayo ikarudi mfukoni. Hapo watu wakanyanyua shingo kutazama, kwa maana hakuna aliyewahi kuona mjukuu anakataa.

"Mi sitake franga, Papa," Benita alisema. "Niko natafuta miaka. Makumi mbili na moja. Umeyiweka wapi?"

Antoine aliinama, akamwambia kwa chinichini kwamba akiendelea atatafuta nyumba nyingine ya kulala. Benita alisikia vizuri sana. Alijua pia kwamba Antoine si mtu wa kutishia bure, na kwamba nyumba sasa iko mikononi mwake. Akaongeza sauti ya mashini.

Alifoka mashairi yake akiwa palepale chini, akimwita babu yake Kambo kama siku zote, bila kuinua macho kutoka kwenye vitufe:

*Barua ilimukuta Kambo, hakulia,*
*alikamata chuma ya moto, akaingia njia.*
*Televisio imekufa, manette imekufa,*
*asubui njo kifo, mangaribi njo kufufuka.*
*Tai ya Papa, kiatu ya Papa, diplome ku ukuta,*
*bip njo ililipa, sisi wote tuliona, hakuna wa kufuta.*

Pale kwenye diplome, mtu fulani nyuma alisema eeh kwa sauti ya kukubali, na wengine wakamfuata. Kwa sababu ni kweli, na si siri kwa jirani yeyote. Miaka sita ya chuo kikuu cha Antoine ililipwa na chumba kile, dakika kumi kumi za watoto wa Kampemba. Ofisini kwake alikuwa amesema alisomeshwa na kampuni. Mkubwa mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani yake ya jua, akamtazama.

Kiongozi wa kwaya alijaribu kuanzisha wimbo wa kuomboleza ili kuokoa jahazi. Lakini nusu ya kwaya ile walikulia mle ndani, na mikono yao ilikuwa imeshaanza kupiga makofi ya bip. Mchungaji aliangalia saa. Dereva wa gari la maiti alikuja kusema wachimba kaburi wanangoja, jua linapanda. Benita hakusogea hata kidogo.

Antoine akamgeukia mama yake. Alimwambia amtoe mtoto huyu, anatuaibisha mbele za watu. Mama Germaine alikuwa amekaa juu ya mkeka kati ya wajane wenzake, kitambaa kimemshuka usoni. Alikisukuma juu.

"Antoine, leo huyu haiko mutoto yako," alisema. "Leo iko mujukuu ya bwana yangu. Na mi nililala na ule bwana kila siku akinuka moshi ya ile chuma, ili weye usome. Umujibu."

Hakuna aliyecheka. Antoine alisimama na karatasi yake mkononi, makwapa yamelowa. Angeweza kupanda garini akaondoka, na siku ile ile mtaa mzima ungejua alimkimbia mjukuu kwenye maziko ya baba yake. Aliikunja karatasi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alikuwa na salle ya michezo.

Benita alizima mashini ili kila mtu asikie vizuri. Kisha akamwambia kwamba wa nyuma hawakusikia, aseme ku mikro.

Antoine akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Baba yangu alikuwa na salle ya michezo, hapa, mu ile chumba," alisema. "Miaka makumi mbili na moja. Alikuwa anatengeneza bintu yenye bantu wanatupa. Ile salle njo ilinisomesha. Kampuni haikunilipia kitu."

Akashusha kipaza sauti, akamtazama Benita kama mtu aliyemaliza kulipa. Benita bado ameketi.

"Bado kimoja, Papa."

Antoine alifuta uso kwa kiganja. Mchungaji hakuthubutu tena kuangalia saa.

"Na alikuwa anapiga muziki," alisema.

Benita akasimama, akapangusa vumbi kwenye koti la babu yake, akaondoka njiani. Wabebaji wakainama, wakamwinua Mzee Mwenze.