Hirizi ya Fedha ya Bi Nasriya

"Tia kitanzi tu, Mzee Suud. Usiifungue."

Suud, mfua fedha, aliinyanyua ile hirizi kwenye mwanga wa mlango wa duka lake. Ilikuwa mwanzi wa fedha, mrefu kama kidole, kazi ya zamani, umenakshiwa kwa vitone vidogo kama punje za mtama. Kitanzi kimoja cha kupitishia mkufu kilikuwa kimekatika.

"Bi Nasriya, fedha haitiwi moto na kitu ndani. Nikilehemu hivi hivi, kilichomo kitageuka jivu. Utamvisha mkaza mwanao jivu."

Bi Nasriya aliacha kujipepea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, buibui lake limeanguka mabegani kwa joto. Nje, soko la Matrah, bandari ile ya Uarabuni, lilikuwa limelala. Mwezi wa sita ule, mchana, hata mbuzi hawakutoka vivulini. Vita vya Mayahudi na Waarabu vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na mkahawani redio ilikuwa ikisema peke yake, watu wameikalia kimya kama wamekalia maiti.

"Basi fungua," alisema. "Lakini usiguseguse."

"Umeipata wapi?"

"Kwa yule Mhadhrami anayepitisha uvumba majumbani. Kaniambia imetoka San'aa. Mwanamke aliyejifungua nayo shingoni hajapata kuzika mtoto. Umm Subyani, yule jini muua vichanga, hakaribii." Akashusha sauti. "Hamdiya kaniletea wajukuu wawili, na wote wawili nimewaosha kwa mkono huu kabla ya arubaini. Huyu wa tatu simwachi hivi hivi, Mzee Suud. Wallahi simwachi."

Suud akavuta taa ya kazi karibu. Hamdiya alikuwa mtoto wa kaka wa mkewe Mahbuba, lakini wao wawili ndio waliomlea tangu ana meno ya maziwa, huko Unguja, na ndio waliovuka naye kuja huku baada ya mapinduzi. Hao wajukuu wawili walikuwa wajukuu zake pia.

Aliiwasha, akaweka mrija mdomoni, akaupulizia ule ulimi wa moto mpaka nta iliyoziba mwisho wa mwanzi ikatoka jasho. Akakivuta kifuniko kwa kibano. Kitu kikateleza kikaangukia kiganjani: utepe wa ngozi ya mnyama, umekunjwa kama jani la tambuu. Akaukunjua ili aone kama una unyevu.

Herufi zilikuwa nyeusi, za pembe pembe. Chini yake pamechorwa viumbe vitatu, miili ya ndege, vichwa vya watu.

Hakukusudia kusoma. Lakini jicho lina njia zake, kama punda anayejua kwao. Lilikwenda na mstari, likarudi, likashika mwingine, na midomo ikafuata.

Upepeo wa Bi Nasriya ukasimama tena.

"Picha hizo," alisema polepole, "ziko kichwa chini."

Suud akainua macho.

"Umeishika juu chini, Mzee Suud. Na unasoma."

Akaukunja ule utepe upesi. Alikuwa amechelewa.

"Mimi nimekaa Aden na marehemu baba," Bi Nasriya akaendelea, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana ilitisha. "Dirisha letu lilitazama mtaa wa Mayahudi, wafua fedha wale. Watoto wamezunguka kitabu kimoja kwa sababu vitabu hawana, huyu yuko huku, huyu yuko kule. Yule wa upande wa pili anajifunza kusoma juu chini, na anakua hivyo hivyo. Baba akinionesha, tukicheka. Sijapata kumwona mtu mwingine akisoma hivyo. Mpaka leo."

"Bi Nasriya..."

"Sina nia mbaya. Nimefurahi, ati! Hirizi isiyosomwa ni bunduki isiyo na risasi, na mimi nilikuwa nikijiuliza ntampata wapi wa kuisoma. Siku ya uchungu utasimama nyuma ya pazia, uyasome haya kwa ulimi wa wenyewe. Basi."

"Na nikikataa?"

Alitazama upande wa mkahawa, kule redio iliko.

"Watu wana machungu siku hizi. Mimi sisemi kitu. Lakini Marhoon ataniuliza kwa nini hukutaka kumsaidia mkewe. Na mimi, Mzee Suud, mwanangu siwezi kumdanganya."

Akangoja hirizi yake. Suud alikata waya wa fedha, akaukunja, akaulehemu, akaufuta kwa ukwaju mpaka ukang'aa sawa na wenziwe, kisha akaurudisha utepe ndani na kuziba kwa nta. Kazi ilikuwa safi. Alipoipokea, Bi Nasriya aliichungulia, akasema kwamba mtu hangejua ilipata kukatika.

*

Juu ya dari, baada ya magharibi, Mahbuba alikuwa amemwaga maji sakafuni ili ipoe, na mvuke ukapanda kama kutoka kwenye sufuria. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kumkata. Yeye alikuwa akijua kwamba mumewe kazaliwa Myahudi. Suud alimwambia baba yake Mahbuba kabla ya nikaha, na mzee yule alimjibu kwamba Uislamu unafuta kilichokuwa kabla yake, kisha akaagiza kahawa. Tangu siku hiyo halikuzungumzwa tena. Mzee amezikwa Unguja, na siri ikabaki na wawili.

"Lakini ni nini hasa?" Mahbuba aliuliza. "Ni uchawi?"

"Inategemea unamuuliza nani kwao."

"Nnakuuliza wewe."

Suud alijikuna ndevu. "Baba yangu angekwambia ni elimu. Kabala, elimu yao ya siri. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kusoma kitabu chake cha siri. Akisema nuru ya Mungu inateremka kwa taa kumi, na kila herufi ni mfupa wa dunia, ukiujua mfupa unaweza kumtibu mgonjwa. Watu wakija kwake na watoto wao, akiwaandikia. Kama hii hii." Akausogeza mto mgongoni. "Ami yangu, ndugu yake khalisa, alikuwa mwalimu. Yeye akisema, Mungu ni mmoja, hizo taa kumi mmezitoa wapi? Kuita majina ya malaika juu ya ngozi ni kumshirikisha. Akisema kitabu cha siri kimetungwa juzi na watu, kikapachikwa jina la mtu wa kale."

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Tumbo moja, ukuta mmoja. Ikafika huyu hali nyama aliyochinja yule. Msikiti wao ukagawika. Mama na mke wa ami wakipitishiana unga juu ya ukuta kwa siri, maana waume wamekatazana."

Mahbuba akacheka, bila kutaka. "Kumbe nao! Nikadhani ni sisi tu. Hapa tulipokuja, jirani wananitazama kama nimekula mchana wa Ramadhani kwa sababu nimesoma maulidi na dufu."

"Wako na wengine. Aden nilipokuwa nikijifunza kazi, alikuwapo Myahudi wa Ulaya, muuza saa. Hakunijua mimi nani, akinisimulia tu. Babu yake Poland alikuwa na shekhe wao, wakiimba na kucheza mpaka wanazimia, wanasema cheche za nuru ya Mungu zimeanguka kila mahali, hata ndani ya kijiko. Baba yake akahamia mji mkubwa, akanyoa ndevu, huko wanasali na kinanda, na ukiwatajia mambo hayo wanaona haya. Wanasema ni giza la vikongwe. Na yeye alikuwa akiwacheka wote wawili." Suud akatabasamu. "Lakini siku moja alinipa mfuko wake nishone. Nikakuta ndani kipande cha ngozi kama hiki, kimeandikwa."

"Na wewe? Uko na nani?"

Chini, mtu alipita na kandili, kikohozi kikamtangulia uchochoroni. Suud alingoja kikohozi kipite.

"Mimi nilitolewa kabla ugomvi haujesha. Baba alikufa, na sheria ya Yemen ilikuwa mtoto wao akiwa yatima anachukuliwa akalelewe Kiislamu. Ami alinificha ndani ya pipa la mtama. Askari wakanitoa." Akaitazama mikono yake. "Dini nimeipenda, Mahbuba. Mungu anajua. Mlango niliopitishwa ndio unaoniuma mpaka leo."

Mahbuba alimsogelea, jambo asilolifanya mara nyingi darini, ambako jirani huona.

"Usisome," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini na Hamdiya je?"

Hilo ndilo lililowakesha wote wawili.

*

Siku zikawa nzito. Suud alianza kuzisikiliza salamu. Muuza samaki aliyezoea kumwita "Mzee wa Unguja" alimpa chenji bila neno. Msikitini, katika safu, pakabaki nafasi baina yake na mtu wa kuliani. Labda ni joto, watu hawapendi kugusana. Labda. Marhoon alikuja na papa mkavu kama desturi yake, akambusu paji la uso, akamwita ami. Suud akamtafuta machoni, asione kitu, na kutokuona kitu kukamtia hofu zaidi.

Hamdiya alikuja kwao kujifungua, kama ilivyo ada. Alikuwa mzito, miguu imevimba, na hakushona nguo hata moja ya mtoto. Mara mbili za kwanza alishona. Safari hii Mahbuba alipomletea kitambaa alikirudisha sandukuni bila kusema.

Uchungu ulimshika asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mkunga, Bi Masouda, akaagiza maji ya moto na kutoa mazulia. Marhoon akakaa uani, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Bi Nasriya akaja na udi wake na hirizi yake. Alimvisha Hamdiya mwenyewe, akakitoa kile kingozi ndani, akaita.

"Mzee Suud. Njoo."

Alisimama nyuma ya pazia. Harufu ya udi ilikuwa kali. Mkono wa Bi Nasriya ukatokeza pembeni ya pazia, umeushika ule utepe, pete zake zote vidoleni.

"Baba?" Sauti ya Hamdiya ilikuwa imepasuka. "Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Akaupokea. Herufi zilikuwa zimemngoja. Angeweza kuzisoma kwa mnong'ono, kwa pumzi moja, na nani angejua isipokuwa mwanamke mmoja aliyeahidi kunyamaza? Sauti ya baba yake ilikuwa pale pale, ile ya kabla ya alfajiri, yenye kikohozi na kahawa. Kilichokuwa kikimzuia hakikuwa kusoma. Ni mtoto. Kama atasoma, na mtoto akaishi, basi maisha yale atakuwa amepewa na nani, Mungu au ngozi hii? Na kila atakapomwona anacheza atajiuliza hivyo hivyo.

Nyuma ya pazia Hamdiya alipiga ukelele mrefu.

Suud aliukunja utepe, akauweka katika kile kiganja kilichokuwa wazi, akakifumba vidole kimoja kimoja. Kisha akafungua mikono yake, akasoma kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyotaka: "Qul huwa Llahu ahad..."

"Siyo hayo!"

"Allahu ssamad..."

"Siyo hayo, Mzee Suud! Hayo kila mtu anayajua! Tumeyasoma kwa wale wawili, tumewazika!" Bi Nasriya alikuwa analia, na kilio kilimvunjia kila alichokuwa amekipanga. "Soma yale ya kwenu! Ya Mayahudi! Nnakuomba!"

Uani, tasbihi ikanyamaza.

"Nasriya," Mahbuba alisema kutoka ndani, taratibu, "Mungu anakuona."

Marhoon alikuwa amesimama. Alikuja mpaka katikati ya ua, jua likimpiga utosini, akasimama hapo.

"Mama kasema nini?" Akamtazama Suud mgongoni. "Ami? Mama kasema nini?"

Suud akageuka. Alijua kwamba yako maneno mengi ya kusema, mengine karibu ya kweli. "Nimezaliwa kwao," alisema. "Nimekuwa Mwislamu sijaota hata ndevu. Aliyenioza alijua. Mungu anajua."

Marhoon hakusogea. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama uso wa mtu anayehesabu jambo moyoni na hesabu inamrudisha mwanzo. Nje ya mlango wa barabarani palisikika watu, sauti za wanaume, zikapungua. Kilio cha Bi Nasriya kilikuwa kimefika mbali. Mtu mmoja akagonga, mara moja tu. Hakuna aliyekwenda kufungua.

Ndipo mtoto akalia.

Kilikuwa kilio cha nguvu, cha ghadhabu, na kwa muda hapakuwa na kitu kingine nyumbani mule. Mahbuba alisikika akishukuru. Hamdiya akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Bi Masouda akatoka amebeba kifurushi cha shuka kuukuu, jasho linamtiririka, hana habari na lolote isipokuwa kazi yake.

"Mwanamume," alisema. "Mzima. Haya, nani anamwadhinia?"

Wale wawili waliotangulia, aliyewaadhinia ni Suud. Ndiye mzee wa nyumba. Bi Masouda alikuwapo mara zote mbili, basi akaanza kwenda kwake bila kufikiri. Akaona macho ya Marhoon, akapunguza mwendo. Akasimama.

"Kuna nini?" alisema. "Mtoto anangoja."

Mlango ukagongwa tena. Suud alikuwa ametangulia kunyoosha mikono, na hakujua jinsi ya kuirudisha. Marhoon akapiga hatua moja. Mtoto alitupa kichwa upande, shuka ikamteleza, na sikio lake la kulia, lililongoja adhana, likabaki nje juani, dogo, jekundu, bado limekunjika.