Kibandiko cha Ssalongo

Asubuhi ile Nabatanzi alikuwa ameinjika birika kwenye jiko la mkaa, kando ya barabara ya Ndeeba, akisubiri maji yachemke. Kazi yake ni kubandua vibandiko kwenye pikipiki, na katika Kampala nzima hakuna anayemfikia. Hagusi wembe. Hatii petroli, maana petroli hula rangi. Hulaza kitambaa cha maji ya moto juu ya kibandiko mpaka gundi ilegee, akainua pembe kwa ukucha, kisha akakivuta kwa kukikunja nyuma, chinichini, polepole, kama anayemvua shati mtoto aliyelala. Ukimtazama, chai itakupoea mkononi.

Usalama wa rangi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni usalama wa kilichobandikwa, kwa sababu kikishabanduliwa hushuka kikaenda zake. Kawooya, fundi wa mtaa wa pili anayetumia wembe, alibandua kibandiko cha korongo akampasua, na mpaka leo ndege yule anachechemea kati ya wachomeleaji akiokota makombo ya chapati. Korongo wa Nabatanzi huruka.

Maji yalipochemka, akafika Lutaaya na pikipiki nyekundu. Kwenye tangi palikuwa na neno moja kwa herufi za njano: SSALONGO, yaani baba wa mapacha.

"Nnyabo," alimwita kwa heshima, "niondolee hili."

Nabatanzi aliifahamu pikipiki ile. Ilikuwa ya Mukiibi, ndugu yake Lutaaya, aliyekufa kwa homa akaacha mke na mapacha wanyonyao. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa ukampa Lutaaya pikipiki. Mjane aliposema alitaka kuikodisha apate kula na wanawe, aliambiwa ashukuru kwamba ameachiwa kitanda. Kufa kufaana, mafundi wa barabara ile walisema, wakaendelea kugonga mabati.

"Neno limekukosea nini?" Nabatanzi aliuliza.

"Linanitia aibu! Abiria akipanda tu, 'Ssalongo, mapacha hawajambo?' Mapacha nitawatoa wapi, mimi ninayezaa mmoja mmoja? Na akishaniita hivyo, pikipiki inakata kona yenyewe kwenda Nateete, kwa shemeji. Jana nilikuwa na mgonjwa wa hospitali, tukaishia uani kwake."

"Shemeji akasemaje?"

"Akampa uji mgonjwa."

"Si uzae mapacha tu, bwana, yaishe!" fundi mmoja alipaza sauti.

"Mke wangu akikusikia utapigwa mwiko."

Nabatanzi alikuwa ameshafungua kinywa akatae. Lakini mafundi walimwomba angoje, kwa kuwa walikuwa wamempigia simu mjane, Nnalongo kama aitwavyo mama wa mapacha, naye akaja kwa miguu kutoka Nateete, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Watu walimpisha. Alimvuta Nabatanzi pembeni.

"Mtolee, dada."

"Nikilitoa, Nnalongo, pikipiki itamsahau mumeo. Haitakuja kwako tena."

"Najua. Lakini ukikataa wewe, atakwenda kwa Kawooya. Mume wangu namtaka mzima."

Nabatanzi alimtazama kwa heshima ambayo si kawaida yake kumpa mtu. Yeye angetukana ukoo mzima, babu hadi mjukuu. Akakamua kitambaa, akaanza.

Alianza na O ya mwisho, kwa kuwa herufi ya duara huchanika upesi mkono ukiwa umechoka. Alipuliza, akaongeza maji, akangoja. Alipoinua S ya kwanza neno zima lilikuwa mkononi mwake, halina hata mkunjo, na Mukiibi akashuka kutoka kwenye tangi, mguu wa kulia kwanza, amevaa koti lake la kuendeshea. Magoti yalikuwa na gundi. Nabatanzi alimfuta kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa maji ya sabuni, akakausha.

Mukiibi aliwaamkia wote. Lutaaya alimuuliza habari za huko, naye akauliza habari za hapa, wakasalimiana mpaka salamu zikaisha, kama watu waliolelewa vizuri.

"Lutaaya, pikipiki hii ni ya kulelea wanangu," Mukiibi alisema.

"Kaka, ukoo ulishakaa. Kama ulikuwa na neno, ungekuja kikaoni."

"Sikualikwa."

"Basi."

Mukiibi akakubali kwa kichwa, kwa sababu ni kweli marehemu haitwi kwenye kikao cha mali yake. Nnalongo alikuwa anamkagua vidole, kimoja kimoja, na vyote vilikuwepo. Mafundi walikuwa wanakagua tangi. Halikuwa na mkwaruzo, na kila mmoja alipitisha kiganja juu yake akatikisa kichwa kwa kusifu.

Lutaaya aliwasha pikipiki ikawaka mara ya kwanza. Aliizungusha kulia, ikatii, kushoto, ikatii. Akasimama mbele ya wale wawili, jua likiwachoma.

"Mnakwenda Nateete? Pandeni. Nitawafanyia bei ya ndugu."

Nnalongo alitazama urefu wa barabara, akawafikiria mapacha aliowaacha kwa jirani, akapanda. Mukiibi akakaa nyuma yake, akashika chuma kama abiria yeyote. Baadaye Nabatanzi alisikia kwamba walifika salama, na kwamba nauli alilipa Nnalongo, kwa kuwa mumewe alizikwa bila pochi.