Mikono Iliyoshuka

Baada ya mazishi hakuna aliyetaka kuligusa lile trekta. Majirani walilivuta hadi nyuma ya banda, wakalifunika turubai, wakaondoka bila kuaga. Lilikuwa trekta dogo la dizeli, kuukuu, rangi yake ya bluu imebaki juu ya matairi tu, na lilikuwa limemuua mwenye trekta. Aliinua jembe la mzunguko kwa mikono ya chuma iliyo nyuma ya trekta, akazima injini, akajiingiza chini kukata waya uliojisokota kwenye visu. Mikono ikashuka, jembe likamlalia. Mkewe ndiye aliyemkuta, alipompelekea maji ya kunywa.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na nyumbani alibaki na mama mkwe wake tu. Kila mmoja alimficha mwenzake machozi: mmoja jikoni akisingizia moshi, mwingine chumbani akisingizia mafua. Mvua za kwanza zikanyesha. Magugu yakaota shambani mpaka njia ya kwenda kisimani ikapotea.

"Liuze chuma chakavu," mama mkwe alisema. "Sitaki kuliona."

"Mama, kwanza nataka lifunguliwe."

"Ili iweje?"

"Nijue kilichotokea."

Akamwita fundi wa matrekta, rafiki wa marehemu tangu ujana, ambaye watu walimwita Taratibu kwa jinsi alivyotembea na alivyozungumza. Siku aliyokuja, mama mkwe alimsubiri mlangoni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa kugombana.

"Umekuja kulifufua, siyo?" akamuuliza. "Haya, lifufue. Na mwanangu je? Spea yake unayo?"

Taratibu akavua kofia. "Sina, mama."

Mama mkwe akaondoka mlangoni. "Basi pita. Lipo huko nyuma."

Kabla hajashika spana, Taratibu aliburuta magogo mawili manene, akayaweka tayari kando ya jembe. Mjane aliyaona, akageuza uso. Marehemu naye alikuwa na gogo lake, na siku zote alilitegesha chini ya jembe kabla ya kuingia. Siku ile hakulitegesha; alisema anaingia mara moja tu.

Fundi akafungua nati ya chini, mafuta ya haidroliki, yale yanayoinua mikono, yakamwagika kwenye karai, meupe kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia," akasema. "Huu mpira wa fimbo ya gia umepasuka. Kila mvua ikinyesha, linakunywa tu."

Akaosha chujio kwa dizeli, akajaza mafuta mapya, akawasha. Trekta likaguna, likakohoa, likawaka. Ndani ya nyumba dirisha lilifungwa kwa kishindo. Taratibu akavuta wenzo, mikono ya nyuma ikapanda na jembe lake hadi juu kabisa. Akategesha magogo, akabakiza nafasi ya kiganja kati yake na jembe, ndipo akazima injini. Wakasimama wakitazama. Haikupita hata nafasi ya kumaliza kikombe cha maji, jembe likaanza kuinama, kidogo kidogo, mpaka likalala juu ya magogo.

Mjane akachuchumaa, akatazama chini ya jembe.

"Pampu ni nzima, shemeji," Taratibu akasema kwa sauti ya chini. "Pampu ikifa, mikono haipandi kabisa. Hili linapanda, ila halishiki. Presha inavujia ndani kwenye silinda, na nje huoni hata tone."

Akashusha jembe hadi chini, akalichomoa. Bolti zikafunguka kwa shida, moja ikimkwaruza vidole. Alipoitoa pistoni, akaifuta kwa kitambaa na kubandua kipete cha mpira kilichokauka. Kilikuwa na ufa upande mmoja, na alipokikunja kikakatika.

"Sili," akasema. "Ndiyo inayozuia presha isivuje."

Mjane akakipokea kiganjani. Alizoea kushika vitu vidogo, vifungo na ndoano za magauni, lakini hiki kilimshinda uzito.

"Hiki tu?"

"Hiki tu. Huwa hakikatiki siku moja. Kinachoka polepole, mikono inaanza kusinzia."

Lile neno lilimchoma. Ndivyo alivyosema mumewe kuhusu trekta wakila, wiki chache kabla: siku hizi mzee wetu anasinzia, ukimpa mzigo anainama kama yupo msibani. Aliliigiza kwa kuinamisha kichwa hadi karibu na sahani, na yeye mkewe akacheka mpaka maji yakampalia.

"Alijua," akasema.

Taratibu akaweka spana chini.

"Alijua, shemeji! Alijua, akaingia chini!" Akapiga tairi kwa ngumi, mara ya kwanza, ya pili, kisha akakaa chini kwenye matope. Tangu msiba, machozi yake yote yalikuwa ya huzuni. Haya yalikuwa ya hasira, na yalimtisha. Mama mkwe alitoka, akakaa naye kwenye matope yaleyale, akamkumbatia bila kuuliza kitu.

Taratibu alirudi kesho yake na sili mpya na mpira wa gia. Alipofunga kila kitu, akainua jembe, akazima. Wakanywa chai. Jembe likabaki juu, halikutikisika.

"Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu," mjane akasema, na Taratibu akatazama pembeni.

Mjane alifundishwa kuliendesha, kulipaka grisi, kupima mafuta kabla ya kuwasha. Alijifunza haraka, kwani mguu wake ulishazoea kukanyaga cherehani. Lakini kila injini ilipowaka, mama mkwe aliziba masikio kwa mto, na chakula kikamshinda. Mwishowe akampigia simu binti yake aje kumchukua.

"Si wewe, mwanangu," alisema, begi likiwa mapajani. "Nikisikia ile sauti, namngojea. Ikizimika, nasikiliza kama anaingia mlangoni."

"Basi niliuze, mama. Ubaki."

"Usiuze. Utakula nini? Cherehani peke yake?" Akamshika shavu. "Lima. Mimi nitakuja kula mavuno."

Wakaagana barabarani. Wifi yake akamshika mama kwa mkono huu na begi kwa mkono ule, na mjane akawatazama mpaka wakakata kona. Nyumbani hakukuwa na wa kumficha machozi tena. Wingu lilikuwa linajikusanya, na nusu ya shamba ilikuwa bado, kwa hiyo akapanda trekta, akawasha, akaingia shambani. Alilima akilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifuta. Jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua alimpungia mkono, naye akampungia. Kwa kelele ile ya injini, hakuna aliyeweza kumsikia.